Kidevu cha Baba

Kuna mtu katika nyumba yangu amekata kucha za miguu kwa wembe wangu. Najua kwa sababu amesahau kipande cha ukucha kwenye sinki, na kwa sababu wembe nilioufungua jana, leo asubuhi umenikwaruza shavu kama kipande cha bati. Nikauliza. Mke wangu akasema si yeye. Shemeji yangu anayeishi nasi akasema si yeye. Paka hatuna. Basi nikamalizia kunyoa nikiwa nimekasirika, na kunyoa ukiwa umekasirika ni kujitafutia damu.

Shida ni kwamba huku kwetu wembe haujawahi kuwa mali ya mtu mmoja. Ni wa kuchongea penseli, wa kufumulia mshono, wa kupasulia pakiti ya maziwa, wa kunyolea kichwa cha mtoto. Ukisema wembe huu ni wa ndevu zangu tu, watu wanakutazama kama umesema kijiko kile ni cha uji wako tu. Nimejaribu kuficha pakiti nyuma ya kopo la sabuni, juu ya kabati, hata ndani ya soksi. Zinapatikana tu. Mambo mengine katika nyumba hii hupotea mwaka mzima, lakini nyembe zangu hazijawahi kumshinda mtu.

Mimi nina duka la dawa za mifugo hapa Kisii mjini, na kila asubuhi kabla ya kulifungua nataka dakika ishirini za amani. Naweka sufuria ya maji jikoni, maana ya mfereji huja yanapotaka. Naloweka brashi. Nazungusha brashi juu ya sabuni mpaka povu lisimame kama lile la maziwa yanayokamuliwa. Napaka, nanyoa kufuata ndevu zinavyoota, napaka tena, nanyoa kutoka upande. Mwisho napitisha shabu, lile jiwe jeupe linalofunga damu, linachoma kidogo, na siku inaanza. Sidhani ni starehe kubwa kuomba. Lakini huwezi kufika katikati ya shavu kabla mtu hajagonga mlango wa bafu kuuliza kama umelala humo.

Halafu kuna suala la brashi. Kwa kujisahau nilimwambia mke wangu kwamba imetengenezwa kwa nywele za nguruwe. Sisi ni Wasabato. Nguruwe hatumli na hatumsogelei. Nilijaribu kumweleza kwamba silambi brashi, najipaka tu. Tangu siku hiyo brashi yangu imefukuzwa kwenye rafu ya miswaki na inakaa dirishani peke yake, inapigwa na vumbi la barabara.

Watu huniuliza kwa nini sinyolewi kwa kinyozi kama wenzangu. Nilinyolewa miaka mingi. Mashine yake ilinijaza vipele shingoni mpaka wateja wakawa wananiuliza kama nimejipaka ile dawa ya kupe ninayowauzia. Hiyo ndiyo sababu ninayoitoa. Sababu yenyewe ni baba yangu.

Baba alikuwa karani wa kituo cha kununulia majani chai, huko nyumbani karibu na Ikonge. Watu wengine walinyoa siku ya kwenda mahali. Yeye alinyoa kila siku ya kazi, na Ijumaa alinyoa kwa makini zaidi, kwa sababu kesho yake ilikuwa Sabato na alikuwa mzee wa kanisa. Alikuwa na mashine ya chuma ya kutia wembe, nzito, na kioo kidogo cha duara alichokining'iniza nyuma ya nyumba, upande jua linakochomozea. Mimi nilikuwa mshika kopo. Nilisimama kando yake, naye akiwa amevua shati, nikishika maji ya moto na kujiona mtu muhimu sana. Akinyoosha mkono, nasogeza kopo.

Kisha nikatahiriwa, kazi ikaisha. Kwetu kuna kitu tunachokiita ensoni. Ni aibu, lakini si ile ya mtu aliyekosa. Ni heshima yenye mpaka, kati ya mtu na aliyemzaa. Mvulana akishatoka jandoni haingii tena chumba anacholala baba yake, hamwoni akiwa amevua nguo, hafanyi naye mzaha, hamgusi mwili. Baba naye hakanyagi nyumba anayolala mwanawe. Hakuna aliyenikalisha chini kunieleza kuhusu kopo. Ijumaa ya kwanza nilichukua maji kama kawaida, mama akaninyang'anya sufuria pale jikoni na kuniambia sasa mimi ni mwanamume, nitafute kazi ya wanaume. Nilikuwa na umri wa miaka kumi. Niliona nimeibiwa.

Muda si mrefu baba akakihamisha kioo. Alikitoa nyuma ya nyumba akakipigilia kwenye nguzo ya baraza, mkabala na jiko letu la nje. Palikuwa mahali pabaya pa kunyolea. Nyumba ilizuia jua, uso ukawa gizani, na moshi wa kuni ukamwingia machoni. Mama alilalamika kwamba anamzibia njia. Baba akakiacha pale pale. Tena akaanza kunyoa akiwa na shati mwilini, kola ameikunjia ndani, na kila siku lililowa kifuani mpaka mama akachoka kusema. Mlango wa jiko ulikuwa wa mbao zilizoachana, una ufa unaoingia jicho moja. Asubuhi nilikaa mle ndani nikijifanya naota moto, jicho kwenye ufa. Hivyo ndivyo nilivyojifunza: shavu la kulia kwanza, kisha la kushoto, na ngozi ya shingo inavyovutwa kwa vidole viwili. Sehemu iliyobaki sikuiona vizuri kwa sababu ya moshi. Niliamini ninamwibia.

Mwaka jana baba alipooza upande wa kulia. Tunashukuru mdomo ulirudi, japo maneno sasa hutoka polepole, na mguu anauburuta kwa mkongojo. Mkono wa kulia haukurudi. Ndevu ndizo hazikusikia kwamba mwenyewe anaumwa. Ziliota nyeupe, kavu, kila upande. Mama akanipigia simu kwamba baba amekataa kwenda kanisani.

"Anasema hawezi kukaa mbele ya watu na uso wa mfiwa," aliniambia.

"Si apelekwe kwa kinyozi?"

"Njoo umpeleke wewe, kama unaona ni rahisi."

Haikuwa rahisi. Mama alikuwa amejaribu kumnyoa mwenyewe, lakini ana mtoto wa jicho na alimkata mara mbili. Baba alikuwa amejaribu kwa mkono wa kushoto, amesimama mbele ya kioo chake amejiegemeza kwenye nguzo, nusura aanguke. Wajukuu, ambao wanaruhusiwa kumchezea babu wanavyotaka, wako shule za bweni, na hata wakiwa nyumbani baba hawezi kukubali mtoto ashike wembe. Nikamlipa kinyozi wa sokoni Ikonge aende nyumbani na mashine yake ya kuchaji. Alinyoa upande mmoja wa uso vizuri tu. Mashine ikafa.

"Mzee, si mimi, ni stima," akasema. "Jana tulilala giza. Kesho nakuja mapema."

Alikuja siku ya tatu. Baba alikaa ndani siku hizo zote na nusu ya ndevu, hataki hata kuota jua, na kinyozi alipofika alikuta mlango umefungwa. Nilimpigia simu yule kinyozi nikamwambia maneno ambayo Msabato hapaswi kuyasema siku yoyote ya juma.

Sasa, mimi nanyoa kila siku. Nina mashine nzuri, nina sabuni, nina shabu, nimesoma na kutazama mambo ya kunyoa kuliko nilivyowahi kusoma Biblia. Kanisani Meza ya Bwana ilikuwa inakaribia, ile Sabato wanapooshana miguu na kushiriki mkate, na baba alikuwa ameshaikosa ya robo mwaka iliyopita. Kwa miaka mingi ndiye aliyepanga mabeseni ya wanaume. Mama aliniambia akiikosa tena hatarudi kanisani, atajizoesha kukaa ndani, na mtu wa umri wake akijizoesha kukaa ndani hatoki. Niliona suluhisho ni mimi. Nilipakia vifaa vyangu vyote Jumapili moja, nikaenda.

Na hapo ndipo nilipofanya ujinga wangu. Nilimkuta ameketi barazani. Nilimsalimu, nikaweka beseni, nikamzungushia taulo shingoni nikimweleza jinsi brashi inavyolainisha ndevu, kama ninavyomweleza mteja dawa ya minyoo. Kisha nikamshika kidevu nikamwinua uso.

Alilitoa taulo kwa mkono wake mzima, akalikunja juu ya goti, akachukua mkongojo, akasimama, akaingia ndani. Ilimchukua muda mrefu kufika mlangoni na mimi sikuweza hata kumsaidia. Nilibaki na mkono wenye povu. Mama alitoka jikoni, akaniangalia kama nimekojoa sebuleni.

"Umemshika baba yako kidevu?" akauliza.

"Mgonjwa anashikwa, mama. Hospitalini walimshika kila mahali."

"Wale hakuwazaa yeye."

Kwa majuma matatu baba hakuja kwenye simu. Nilikasirika, na sikujua nimkasirikie nani. Nilimkasirikia yeye kwa ukaidi wake. Niliikasirikia ensoni, maana ni sheria gani hii inayomwacha mtu aote ndevu mpaka afungiwe ndani, na mwanawe anajua kunyoa? Nilijikasirikia mimi, kwa sababu nilijua. Hakuna aliyehitaji kunifundisha. Nilijua tangu siku niliponyang'anywa sufuria, lakini vifaa vyangu vilinipa kiburi.

Juma la Meza ya Bwana lilipofika nilifunga duka Alhamisi adhuhuri nikaenda nyumbani. Nilimkuta barazani na ndevu zake. Nilimsalimu, akaitikia, na nikaona bora nimalize kila kitu.

"Tata," nikamwambia, maana ndivyo tunavyomwita baba, "kanisani mnaoshana miguu. Mtu anavua viatu, mwenzake anamshika miguu na kuiosha. Kidevu kina nini?"

Akaweka mkongojo kando.

"Wewe umewahi kuniosha miguu?"

"Hapana."

"Umewahi kumwona mtu yeyote kule akimwosha baba yake?"

Sikuwahi. Kwa miaka yote, wakati wa kuoshana ukifika, baba huenda kona moja na mimi ya pili, wala hatuagizwi.

"Basi," akasema, na mazungumzo yakaisha.

Nililala katika nyumba yangu ndogo pale pale bomani, na asubuhi ya Ijumaa nikaamka bado nina kinyongo. Nikasema potelea mbali, kama yeye hanyoi, mimi nitanyoa. Nilichukua maji ya moto jikoni na, kwa kuwa sikutaka kwenda mbali nayo, nikaketi pale pale mlangoni kwenye kigoda, nikasimamisha kioo changu juu ya ndoo iliyofunikwa. Baba alikuwa ameketi barazani kwenye kiti chake, chini ya ile nguzo, akinitazama kwa mbele. Kati yetu palikuwa na hatua kama kumi. Nikapiga povu kwa hasira mpaka likamwagika.

Nilipofika shavu la pili niliinua macho juu ya kioo. Mkono wa kushoto wa baba ulikuwa usoni mwake. Vidole viwili vilikuwa vinashuka polepole kutoka sikioni hadi tayani, kavu, bila wembe. Nikasimamisha wembe wangu. Vidole vyake vikasimama. Nikashuka tena kidogo, vikashuka. Nikaelewa. Kwa kuwa tulitazamana, mkono wangu wa kulia ulikuwa upande mmoja na mkono wake wa kushoto. Kioo chake kilikuwa juu kule kwenye nguzo kwa mtu anayesimama, na yeye hawezi kusimama na kunyoa. Lakini mimi nilikuwa nimeketi, sawa naye.

Sikuthubutu kusema chochote, nisije nikaharibu tena. Nilimwita mama. Mama akabeba kigoda, beseni la maji, mashine ya zamani ya baba niliyoitia wembe mpya, sabuni na brashi yangu, akaviweka mbele yake, akarudi jikoni bila kuuliza. Baba akamwita arudi. Alitaka koti. Mama akamletea koti la kanisani, akamsaidia kulivaa juu ya shati, na baba akafunga vifungo vyote kwa mkono mmoja, kimoja kimoja, mpaka shingoni. Mimi nilingoja huku povu likinikauka usoni.

Alishika brashi akaigeuza.

"Hii ni ya nywele za nini?"

"Za mbuzi," nikasema. Mungu anisamehe, tena siku ya maandalio ya Sabato.

Alijipaka. Nilijipaka upya kwa vidole. Nikaanza na shavu, naye akaanza. Mkono wa kushoto ulitetemeka, ukaruka sehemu, ukarudi. Nikipiga mara moja, yeye alipiga mara tatu. Nikisuuza wembe, akasuuza. Nilijinyoa mahali palipokwisha kunyolewa mpaka ngozi ikawaka moto, ili tu asibaki nyuma peke yake. Chini ya taya alijikata, damu ikashuka kwenye kola nyeupe. Niliinuka. Alinitazama, nikaketi. Mama akapeleka shabu. Baba akaibonyeza pale, akafumba macho ilipomchoma, akaendelea. Ilituchukua karibu saa nzima, na simu yangu ilikuwa inalia, mteja akitaka dawa ya ng'ombe. Wacha ng'ombe angoje.

Alipomaliza alijifuta uso akajipapasa. Aliacha mstari mweupe chini ya sikio la kushoto na vishungi viwili karibu na koo. Lakini ulikuwa uso ule ule niliokuwa naujua, umekonda tu. Nilitaka kumwambia amependeza. Maneno hayo hayasemwi kati yetu, nikasema maji yamepoa.

"Wewe umeanza kidevu kabla ya shingo," akanijibu.

"Ndivyo ninavyonyoa."

"Unakosea. Kidevu ni cha mwisho. Nilikuonyesha."

Nilikuwa nimechoka, uso unaniuma, na hasira ya majuma matatu ikanipanda. "Hujawahi kunionyesha kitu, Tata. Tangu niliponyang'anywa kopo hujawahi kunionyesha hata namna ya kushika wembe."

Hakukasirika. Aliinua ile mashine, bado ina povu, akaielekeza kwenye mlango wa jiko, nyuma ya bega langu. Mlango wa siku hizi ni wa bati. Ule wa mbao tuliuchoma zamani.

"Ufa ulikuwa hapo," alisema polepole, "chini ya bawaba. Kila asubuhi jicho lako lilikuwa hapo."

Alikuwa ameshaanza kusuuza wembe, neno moja moja likitoka kwa taabu.

"Nyuma ya nyumba ndiko kulikuwa na mwanga. Unadhani kioo nilikileta huku kwenye moshi kwa sababu gani?"

Niliinama juu ya beseni nikanawa uso. Nasema wazi kwamba nililia, na nikanawa tena na tena ili aone ni maji. Nilipoinua kichwa alikuwa ananingoja, mkono wa kushoto ukiwa na brashi, koti limefungwa mpaka shingoni, na damu kidogo kwenye kola.

"Haya," akasema. "Paka tena. Safari hii kidevu kiwe cha mwisho."